Shaba Iliyobaki Nyekundu

Mama yangu alikuwa hanywi maziwa. Kwingine hilo ni neno dogo, kama mtu asiyependa mboga ya lengalenga. Kwetu, juu ya kilima cha Ngungu, katika nyumba ya wafugaji, ilikuwa aibu ya kufichwa kama ukoma. Yeye alizaliwa kwa wakulima wa upande wa chini wa kilima, watu wa maharagwe na viazi, na tumbo lake lilikataa maziwa tangu utoto. Akinywa, linamsokota mpaka anajikunja. Baba yangu Rugamba alimwona kanisani, akampenda, wala hakuuliza habari za tumbo. Siku alipoletwa nyumbani, mama mkwe wake Nyirakamana alimpa kikombe cha mti kilichojaa mpaka ukingoni, akasimama kumwangalia. Emérita, ndilo jina lake la ubatizo, akanywa yote, akatabasamu, akazunguka nyuma ya ua akatapika. Siku hiyo ndipo hofu ilipomwingia.

Nasimulia kwa sababu watu wa kwetu wana mdomo. Wako wanaoitaja habari ile ya mwaka 1952 nusunusu, na kila mmoja anaikata anapopenda, hata mama yangu anatoka ama mlozi ama mtakatifu. Hakuwa mlozi, na utakatifu tumwachie Mungu. Alikuwa mwanamke mwoga mwenye bidii nyingi, na bidii yenyewe nusura itumalize.

Bidii yake ilikuwa kwenye vyombo. Bibi Nyirakamana alikuwa na vyombo vya maziwa alivyorithi kwa mama yake, vya mti mwekundu, virefu, vyeusi ndani kwa moshi wa miaka. Chombo cha namna ile hakioshwi kwa sabuni, maziwa yatanuka sabuni. Kinaoshwa kwa amaganga, yaani mkojo wa ng'ombe uliokingwa asubuhi ukaachwa mpaka ukawa mkali. Unamimina, unatikisa, unamwaga, kisha unakifukiza chombo kwa majani makavu. Msikunje pua. Ndivyo wazee wa wafugaji walivyofanya tangu zamani, na maziwa yao hayakuchacha upesi. Bibi alimfundisha mama kazi hiyo, huku majirani wakinong'ona kwamba binti wa wachimba viazi hataiweza. Basi yeye akaifanya kuwapita wote. Mwingine akitikisa mara moja, yeye anatikisa tena na tena, anaacha amaganga yakae ndani mpaka mti uyanywe.

Na kikombe chake cha kila asubuhi? Alikuwa anatoka nacho nje pamoja na kaka yangu Isidore, kifungua mimba wao, ambaye wakati ule hajafikia hata umri wa kuchunga ndama. Mtoto anakunywa chake, halafu anakunywa cha mama yake. Ilikuwa siri ya wawili, na Isidore aliitunza vizuri maana aliyapenda sana maziwa.

Ugonjwa ulianza na Bibi. Kwanza tumbo na kutapika. Halafu nyayo zikawa zinamwaka kama amekanyaga majivu ya moto, viganja vikamkauka vikawa vigumu, na madoa meusi yakamtoka mgongoni na tumboni. Baba naye alishika tumbo mara moja moja, akasema ni kazi. Alikuwa anafanya kazi kwenye shamba la ng'ombe la mzungu mmoja, kwenye josho, ule mfereji wa saruji uliojaa dawa ya kupe ambamo ng'ombe wanaogeshwa. Lakini aliyeumia kuliko wote alikuwa Isidore. Nywele zake zilikuwa zinabaki mkononi ukimpapasa kichwa. Aliacha kukimbia, kisha akaacha kutembea, akawa anakaa mlangoni na miguu yake mbele yake kama mizigo ya mtu mwingine.

Mama peke yake hakuugua. Shavu lake lilikuwa limejaa, macho maangavu. Katika nyumba ya wagonjwa, mzima ndiye mshitakiwa.

Bibi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Siku moja wakiwa jikoni alisema tu, bila kumtazama, "Kikulacho ki nguoni mwako." Tangu hapo akaacha kula chakula kilichopikwa na mama. Alijichemshia viazi vyake mwenyewe, na sufuria yake alilala nayo chumbani. Maziwa aliendelea kunywa, tena akazidisha.

"Maziwa haina mupishi," aliwaambia majirani. "Inatoka kwa ngombe, haitoke mu mukono ya muntu."

Kisimani wanawake walianza kumpisha mama njia kwa heshima isiyo heshima. Akimpa mtu pombe ya mtama, mtu huyo anakumbuka kwamba ana daktari wa meno. Natania, hatukuwa na daktari wa meno. Lakini kila mmoja alipata sababu. Na mama alikuwa anajua mwisho wa mambo kama hayo, maana miaka michache nyuma mwanamke wa kilima cha pili aliitwa mulozi, wakamteremsha na kitambaa chake kimoja mpaka msituni upande wa Walikale, kijiji cha Mpofi. Watoto wake walibaki kwa baba yao. Huko Mpofi aliishi au alikufa, hakuna aliyeuliza.

Hilo la watoto ndilo lililomnyima mama usingizi. Kufukuzwa angekuvumilia, kwao si mbali. Lakini mtoto ni wa nyumba ya mume, na Isidore akiuguzwa na watu wengine asingeishi. Mama aliniambia, nilipokuwa mkubwa, kwamba alifika mahali akawa anaiangalia mikono yake mwenyewe. "Nilijiuliza labda banasema kweli," alisema. "Labda niko na kitu ndani yangu, mimi mwenyewe sikijui."

Ndipo akapita Athanase. Huyu alikuwa mganga msaidizi wa zahanati ya Sake, mji wa chini, aliyekuwa anazunguka vilima na sanduku la dawa kuchanja watoto. Alimkuta Isidore mlangoni, akamshika mkono kumsalimu, akaukazia macho. Juu ya kila ukucha wa mtoto kulikuwa na mstari mweupe uliokatiza kutoka upande mmoja mpaka wa pili. Akaomba mikono ya Bibi. Mistari ileile.

"Mukuje Sake siku ya dokta," alisema. "Nyumba muzima. Hata wenye hawagonjwe."

"Kwa nini wenye hawagonjwe?" aliuliza mama.

"Juu dokta atataka kuona wote, Mama Isidore."

Bibi aligeuka akamtazama mkwewe, akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyesikia alichokuwa anangojea.

Wakateremka Sake. Baba alimbeba Isidore mgongoni, Bibi alibebwa kwenye machela na ndugu za baba, mama alitembea nyuma ya wote. Barabara ilikuwa tope tupu. Kila hatua mama alikuwa anafikiri kugeuka, na kila alipofikiri hivyo aliona miguu miembamba ya mwanawe ikining'inia kiunoni mwa baba, akaendelea.

Kwenye zahanati Athanase aliwaeleza kitakachofanyika. Dokta atakata nywele kidogo na kucha za kila mtu, na kila mtu atatoa mkojo wake kwenye chupa.

Hapo Bibi alifufuka. "Nywele yangu siachie muntu! Na kucha ninazikaka mu udongo mimi mwenyewe. Anaenda kuifanya nini?"

"Mama, sumu ikiingia mu mwili haipotee bure," alisema Athanase kwa upole. "Mukojo inasema mambo ya juzi. Nywele na kucha zinasema mambo ya miezi yenye ilipita. Dokta anataka kujua kama iko ndani yenu."

"Na mukojo yangu atairudisha lini?"

Watu wazima walicheka hata katika huzuni ile. Mama hakucheka. Alimsogelea Athanase, akauliza kwa kunong'ona:

"Hiyo kitu ya dokta, itaonyesha nani njo alitia sumu?"

"Hapana. Haijue jina ya muntu. Inajua tu kama sumu iko ao haiko."

Angepaswa kutulia. Kinyume chake akaogopa zaidi, kwa kuwa kichwani mwake hesabu ilikuwa imekwisha kamilika: kwao itaonekana, kwake haitaonekana, na jina watalitia wenyewe.

Dokta alikuwa mzungu mwembamba wa maneno machache. Nywele na kucha alizifunga kwenye karatasi kuzipeleka mbali kwenye maabara kubwa, lakini mkojo aliupima palepale. Alimimina mkojo wa kila mmoja kwenye kikopo chake cha kioo, akatia maji makali yenye harufu ya kuchoma pua, akatumbukiza kipande cha shaba kilichosuguliwa kikang'aa, akawasha moto mdogo chini. Ikigeuka nyeusi, Athanase aliwaambia, sumu imo. Shaba waliijua. Bibi mwenyewe alivaa bangili ya shaba aliyopewa na mama yake, haijatoka mkononi tangu usichana. Kwa hiyo walielewa wanachoangalia, na hilo ndilo lilikuwa baya.

Dokta alikwisha kusikia kwamba Rugamba anafanya kazi joshoni. Dawa ile ya kupe ni sumu kali, alisema kwa kinywa cha Athanase, na alitegemea shaba ya Rugamba ndiyo itakayokuwa nyeusi kupita zote. Baba akatazama chini.

Shaba ya baba ilififia ikawa ya kijivu kidogo. Ya Bibi ikawa nyeusi. Ya Isidore, mtoto asiyewahi kukanyaga joshoni, ikawa nyeusi kama masizi ya chungu, hata dokta akaitoa akaipeleka dirishani kuitazama vizuri.

Ya mama ilichemka na kuchemka, ikabaki nyekundu kama ilivyoingia.

"Njo huyu!" Bibi aliinuka kwenye machela kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua anazo. "Angalieni wote! Siye tunakufa, yeye iko safi! Leo unarudi kwenu, Emérita. Mutoto anabaki."

Mama aliingiza mkono chini ya kwapa la Isidore akamshika. Baba yangu alikuwa amesimama karibu kiasi cha kumgusa, na hakusema neno. Namheshimu baba yangu, ni marehemu, lakini kimya kile sijakisamehe kikamilifu, na mtaona kwa nini.

Dokta hakuelewa kelele, ila alielewa shaba. Akamwuliza Athanase swali, Athanase akamgeukia mama.

"Mama Isidore. Ni kitu gani mutoto anakulaka ao anakunywaka, yenye wewe haugusake?"

Mama aliniambia kwamba jibu lile lilimwuma kuliko uchungu wa kuzaa. Akinyamaza, anapoteza mtoto. Akisema, anajifunga kamba mwenyewe.

"Maziwa," alisema. "Mimi sikunywaka maziwa. Tangu nilifika. Kikombe yangu nilikuwa ninapatia Isidore."

Bibi alimtazama, na kwanza si hasira iliyokuja usoni mwake. Ilikuwa kama mtu aliyepigwa kofi kanisani. Mtu anayekataa maziwa yako amekataa nyumba yako.

"Miaka hii yote ulikuwa unanicheka," alisema. Halafu hasira ikafika. "Na sasa tunajua pahali unatiaka sumu."

Nadhani wangemfukuza hapohapo, barabara ya Sake ingemmeza. Lakini dokta alisema hakuna anayekwenda popote. Mtoto alazwe aanze dawa. Wengine wapande kilimani na Athanase, akayapime maziwa nyumbani, na mama lazima awepo. Mama akamwacha Isidore kitandani zahanati akitunzwa na shangazi wa baba, mtoto analia "Mama, Mama," naye anapanda kilima cha Ngungu akiwa katikati ya wanaume wawili kama mwizi wa mbuzi.

Kesho yake asubuhi, ua ulijaa. Habari ilikuwa imepanda kilima kabla yao. Athanase alipanga taa yake ndogo ya moto juu ya jiwe, vikopo vyake na chupa ya maji makali, akaomba ng'ombe aletwe. Alikamulia maziwa moja kwa moja ndani ya chupa ya kioo aliyokuja nayo. Akayachemsha na shaba. Shaba ikabaki nyekundu.

"Ngombe iko safi," alisema. Ng'ombe wa nyumbani hawakupitishwa kwenye josho la mzungu, kwa hiyo hakushangaa.

Akaomba maziwa yaleyale yatiwe kwenye chombo cha Bibi, yakae kidogo kama ilivyo desturi, kisha yapimwe. Watu walisogea. Shaba iliingia ikiwa nyekundu, na mbele ya macho yao ikaanza kuchafuka, kwanza ukingoni, halafu kote.

Mlio ulitoka kwa wanawake, si kilio wala si neno. Mmoja alimvuta mtoto wake nyuma. Mama akapiga hesabu. Ng'ombe ni safi, chombo ni kibaya, na mwenye kushika chombo ni mmoja tu. Kwa mara ya kwanza, aliniambia, aliamini. Aliamini kwamba ni yeye.

"Mama Isidore," alisema Athanase, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeomba maji. "Chukua chombo. Fanya vile unafanyaka kila siku. Usiache kitu hata kimoja."

Akafanya. Kazi ile mikono yake ingeifanya hata amekufa. Akamwaga maziwa. Akakisuuza chombo kwa maji. Akaingia jikoni, akatoka na mkebe mkubwa wa bati wenye kifuniko, uliosuguliwa kwa mchanga mpaka ukawa unameta, akaufungua, akamimina amaganga chomboni, akatikisa. Akatikisa tena. Akaketi kungoja mti uyanywe.

Athanase alikuwa hamtazami tena. Alikuwa anatazama mkebe. Aliuinamisha mwangani, akapitisha kisu ndani, kwenye mshono wa chini. Kisu kikatoka na unga mweupe mgumu kama chokaa. Akachota amaganga ya mkebeni, akayatia na shaba kwenye moto. Hakukuwa na haja ya kungoja, shaba ikawa nyeusi papo hapo.

"Huu mukebe ulitoka wapi?"

Mama alimtazama baba. Mara moja tu, na haraka. Kisha akatazama chini.

"Niliokota mu njia," alisema.

Hapo lazima niwaambie alichokijua baba, na alichokijua mama. Mkebe ule ulikuwa wa dawa ya josho. Baba aliuchukua kwenye ghala la mzungu ulipokwisha, akauosha mtoni kwa maji tu, akamletea mkewe kama zawadi. Kuchukua kitu cha mzungu bila ruhusa, hata kitu cha kutupwa, kulikuwa na kiboko hadharani na jela juu yake. Tangu dokta alipotaja josho kule Sake, baba alikuwa amejua. Alitembea kilima kizima amejua. Na mama, alipoona ule unga kwenye kisu, naye akajua, akachagua kubeba mzigo mwenyewe. Ukiokota mkebe njiani ukawalisha watu sumu, wewe ni mpumbavu au mlozi, na kila aliyekuwa uani pale alikuwa tayari kusema ni lipi.

"Bongo," ilisema sauti, yaani uwongo.

Ilikuwa ya Bibi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni na fimbo yake, nyayo zake zimefungwa majani, midomo imekauka.

"Anasema bongo. Mukebe alileta Rugamba, mutoto yangu. Na ni mimi njo nilisema tutie mule amaganga, juu iko na kifuniko na inzi haziingie. Nilikuwa hapa. Niko muzee, siko kipofu."

Baba alipiga magoti. Nani alimwambia apige magoti hajui mtu, lakini alipiga, mbele ya mama yake na mke wake na kilima kizima, na akasema ndiyo. Athanase alifuta kisu chake kwenye majani. Alisema yeye hakusikia mkebe ulitoka wapi, masikio yake yana nta, na kwa dokta atasema ni mkebe wa kuokota. Watu wa uani nao waliondoka wana nta masikioni. Hilo nawasifu. Mdomo wanao, lakini siku ile waliufunga.

Vyombo je? Bibi alitaka kuvichoma. Athanase akakataa, akasema moshi wake nao ni sumu, na mti uliokunywa vile hautaoshwa ukatakata. Basi wakachimba shimo refu mbali na maji, wakavitia humo pamoja na mkebe uliotobolewa. Vyombo vya mama yake Bibi, vile vyeusi vya miaka. Bibi alivishika kimoja kimoja kabla ya kuviteremsha. Alilia waziwazi, na mama yangu alisimama upande wa pili wa shimo, naye analia, wala hawakusogeleana.

Isidore alidungwa sindano za mafuta zilizoagizwa kutoka Bukavu, ambayo wakati ule ilikuwa bado inaitwa Costermansville. Zilimuuma hata akajificha chini ya kitanda kila alipomwona Athanase. Majibu ya nywele yalirudi yakasema yaleyale ya shaba, ila kwa wino. Mama alikaa naye Sake, na kazi yake kubwa ilikuwa kutazama kucha. Ule mstari mweupe ulikuwa unasogea. Ukucha unakua, mstari unapanda, nyuma yake panabaki pinki safi. Mstari ulipofika ncha, mama aliukata kwa wembe, akakusanya vipande vyote kwenye kiganja, akaenda kuvifukia mwenyewe. Siku hiyohiyo walipima mkojo wa mtoto, na shaba ikatoka nyekundu. Alirudi Ngungu akitembea kwa miguu yake, akichechemea kidogo. Kuchechemea hakukumtoka.

Bibi, aliyekwisha kupata nafuu, aliwangojea njiani. Mfugaji wa namna yake haombi msamaha, labda mbingu zianguke. Alivua bangili ya shaba, akaisukuma kwenye mkono wa mama mpaka ikapita kifundo, akasema, "Kesho nitakupikia viazi." Ikaisha hivyo.

Au ningependa iwe imeisha hivyo. Mimi nilizaliwa miaka miwili baadaye, na mama niliyemjua ni yule aliyebaki. Vyombo vipya vilichongwa, amaganga yakarudi kwenye kibuyu, maziwa yakawa mazuri kama zamani. Lakini kila kikombe alichotupatia, kabla hakijatoka mkononi mwake, alivua bangili akaitumbukiza humo, akaishika, akaitoa, akaitazama kwenye mwanga. Athanase alimweleza mara nyingi, akipita na sanduku lake, kwamba shaba bila maji makali na bila moto haisemi kitu. Mama alijibu, "Najua, munganga." Akaendelea. Aliosha mikono yake mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Hakuwa anamwogopa Bibi tena, wala majirani, wala Mpofi. Alikuwa anaogopa ile mikono.

Sisi watoto tulizoea. Tulingoja bangili kama wengine wanavyongoja sala ya chakula.

Siku ya Komunyo ya kwanza ya Isidore nilikuwa mdogo, lakini niliona. Alirudi kutoka kanisani na shati jeupe, nyumba imejaa wageni, Bibi amekaa mahali pa heshima. Mama alimmiminia kikombe cha kwanza, maana ndiye mwenye sikukuu, na mbele ya watu wote akaanza kuvua bangili. Isidore alimshika mkono. Hakumvuta. Alimshika tu, akakitwaa kikombe na mkono wa pili, bangili ikiwa bado kwenye kifundo.

"Isidore, ngoja," alisema mama. "Ngoja kwanza niangalie."

"Ni wewe njo umeosha, Mama?"

"Ni mimi."

"Basi," alisema kaka yangu, akanywa yote, akamrudishia kikombe kitupu akicheka, na sharubu za maziwa juu ya mdomo. Mama alikaa chini pale aliposimama, kikombe mapajani, na mchana kutwa hakuondoa macho kwake.